Sumo: Kibandiko Kidogo Kwenye Protini

Unajua tayari kwamba protini hutengenezwa kwenye ribosomu kwa kuunganisha asidi amino. Watahiniwa wengi huishia hapo, kana kwamba protini ikishatoka kwenye ribosomu imekamilika. Sivyo. Seli huendelea kuirekebisha kwa kuibandika vitu vingine, na kimojawapo ni protini ndogo iitwayo Sumo. (Jina hili ni kifupisho tu, halihusiani na mieleka ya Wajapani.)

Sumo ni mnyororo wa asidi amino zipatazo 100 uliojikunja kuwa donge. Ndugu yake, ubikwitini, ana asidi amino 76. Mpangilio wa asidi amino zao unafanana kwa chini ya moja ya tano, lakini jinsi wanavyojikunja ni karibu sawa. Tofauti inayoonekana ni kwamba Sumo ana mkia mrefu, uliolegea, upande wa mwanzo wa mnyororo.

Sumo hubandikwaje? Kwanza kimeng'enya hukata kipande cha mwisho wa mnyororo, zikabaki glaisini mbili nchani. Kisha kimeng'enya cha pili humwamsha Sumo kwa kutumia nishati ya ATP na kumkabidhi kwa kimeng'enya kiitwacho Ubc9, ambacho humuunganisha na laisini ya protini lengwa. Mara nyingi kimeng'enya kingine husaidia kuichagua protini hiyo. Ubikwitini ina makumi ya wabebaji wa namna ya Ubc9. Sumo anaye huyo mmoja tu. Panya wasio na Ubc9 hufa wakiwa bado viinitete. Kazi ikiisha, vimeng'enya vingine humbandua Sumo, naye hutumika tena.

Sasa kazi yake. Mfano wa kwanza kugunduliwa, mwaka 1996, ni protini RanGAP1. Bila Sumo, hukaa kwenye saitoplazimu. Ikibandikwa Sumo, huenda kushika nafasi kwenye matundu ya utando wa kiini. Protini ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pake. Kwingineko Sumo huzima au kupunguza usomaji wa jeni na husaidia kukarabati DNA.

Angalizo: usiandike kwamba Sumo "huipeleka protini kuharibiwa". Hiyo ni kazi mashuhuri ya ubikwitini, ambayo huielekeza protini kwenye proteasomu ikakatwe vipandevipande. Hata hivyo, wawili hawa wakati mwingine hushirikiana, na ushirikiano huo huokoa maisha. Katika aina moja ya saratani ya damu, kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande, ikazaliwa protini mbovu inayozuia chembe nyeupe za damu kukomaa. Dawa yake mojawapo ni aseniki, sumu uijuayo. Aseniki hujishika kwenye protini hiyo, Sumo wakabandikwa juu yake, kimeng'enya RNF4 kikawatambua na kuongeza ubikwitini, kisha proteasomu ikaimaliza. Ikitumiwa pamoja na dawa ya jamii ya vitamini A, wagonjwa wengi hupona.

Swali la kujipima: Mabadiliko ya jeni yameondoa laisini moja kwenye RanGAP1, ile inayobandikwa Sumo. Protini bado inatengenezwa kwa urefu wake wote. Itapatikana wapi ndani ya seli? Toa sababu. (Alama 4)