Mwezi Mpevu, Miamba ya Watamu

Sisi wafugaji wa Sangailu, nyika ya kaunti ya Garissa, mwezi tunaujua vizuri. Ndio unaotuambia lini tufunge na lini tufungue, na usiku wa mbalamwezi ng'ombe huhamishwa bila taa. Mwezi huohuo ndio ratiba ya mtu anayetaka kutembea juu ya mwamba wa bahari bila kukamatwa na maji.

Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua na mwezi huvuta pamoja, na maji hujaa sana kisha yakapwa sana. Wavuvi huyaita maji ya bamvua. Pwani ya Kenya, siku hizo bahari hupwa mno karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Katikati ya majira hayo huja maji mafu, ambapo mwamba hauonekani vizuri. Mimi nilienda Watamu katikati ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa kaskazi. Kusi ikivuma bahari huchafuka.

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, kusini mwa Malindi, ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani yake uvuvi ni marufuku, na kuokota kombe na simbi vilevile. Majabali ya ufukweni ni matumbawe ya kale, yaliyoota enzi ambazo bahari ilikuwa juu zaidi. Mawimbi yameyala upande wa chini hadi mengine yamesimama kama uyoga. Vaa viatu vya mpira vilivyofungwa barabara, kwa maana jiwe hilo lina makali na ndala hazifai kitu.

Maji yalipokupwa, yalibaki madimbwi kwenye mashimo ya mwamba. Nilichuchumaa kando ya moja, si kubwa kuliko karai. Mwanzoni niliona mchanga tu. Kisha kigamba kimoja kikainuka na kutembea, ndani yake kaa mdogo anayeishi kwenye nyumba iliyoachwa na konokono. Pembeni, kiti cha pweza alikuwa akisogea taratibu mno, mikono yake mitano imekumbatia jiwe. Nikanyoosha mkono.

"Dada, usimtoe majini," kijana aliyenitembeza akaniambia. "Mtazame hapohapo."

"Haya, kaka."

Viumbe hao wana maisha magumu. Jua la asubuhi huchemsha dimbwi na hewa iliyomo majini hupungua, mvua ikinyesha chumvi hupotea, kisha bahari inarudi kwa kishindo. Wengine hufunga magamba yao kabisa na kusubiri. Mtu wa nyika anaelewa kusubiri maji.

Baadaye tulienda zetu kivulini. Karibu na hapo, Hori ya Mida ina daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, una njia za miguu zinazotosha kumchosha mtu kwa raha.

Linaloniuma ni kwamba bahari iliyo karibu nasi si ya Watamu. Ni ya Kiunga, hifadhi tangu 1979, yenye visiwa vya mawe, kasa na nguva wachache waliosalia. Kati yetu na Kiunga upo msitu wa Boni, ambao sehemu yake ni hifadhi tangu 1976, na tangu 2015 umekuwa eneo la operesheni ya usalama. Mtoto wa Sangailu huzunguka mbali ndipo aione bahari. Amani ikitulia, nataka kaunti za Garissa na Lamu zikae na wazee wa Waboni, wanaoujua msitu huo kuliko yeyote, wachore njia ya miguu hadi Kiunga, na wanafunzi wetu wa sayansi wawe wa kwanza kuipita.