Kadiri ya Bandama ya Mtoto

Bandama ya mtoto wa miaka miwili aliye na siha yake aghalabu haizidi sentimita 8 kwa urefu, na akifika miaka kumi yaweza kukaribia 11 pasipo ugonjwa wowote. Kwa hivyo tabibu amwambiaye mzazi kwamba bandama ya mwanawe ina sentimita 10 hajamwambia kitu bado, mpaka amtajie na umri wa mtoto huyo, na, lililo bora zaidi, kimo chake. Figo zina nafuu kidogo, maana Mola amezijaalia kuwa mbili, na mpimaji aweza kuilinganisha ya kulia na ya kushoto.

Mjini Eldoret, nchini Kenya, jambo hili la kujua kadiri ya bandama lina uzito wake. Mji wenyewe umekaa juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako malaria si maradhi ya kila siku. Walakini watoto waletwao katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na katika hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa huko mwaka 2015, baadhi yao hupandishwa kutoka Busia na Bungoma, ambako malaria haikomi, au kutoka Baringo na Pokot Magharibi, ambako kala-azar huivimbisha bandama hata mkono wa mama ukaihisi kabla ya mashine kuiona. Wako na wa Turkana, nchi ambayo katika miaka ya 1980 watu wa shirika la afya la AMREF waliwafuata wafugaji kwa mashine ya ultrasaundi ya kubebeka, wakitafuta vifuko vya maji vinavyoota tumboni kwa sababu ya minyoo ya mbwa.

Upimaji wenyewe, ambao ni kwa ultrasaundi, hauna mionzi wala maumivu. Mtoto hupakwa jeli ubavuni, kisha chombo kidogo kilichoshikwa mkononi hupeleka mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio la binadamu, na mashine, maadamu yajua kwamba sauti hupita katika nyama kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, huhesabu muda wa mwangwi kurudi na kuugeuza kuwa masafa. Bandama hupimwa kutoka ncha hata ncha, mtoto akiwa ameambiwa avute pumzi. Na kwa kuwa mtoto mchanga haambiliki, na akilia tumbo lote hucheza, kazi hii yataka subira kuliko yatakavyo wauguzi wenye foleni ndefu mlangoni.

Namba ikishapatikana, sharti ipelekwe katika jedwali, na hapa ndipo penye mushkili. Jedwali la bandama lililoenea sana lilichapishwa Marekani mwaka 1991, nalo lilitokana na watoto 230 wa huko. Jingine lilitoka Uturuki mwaka 1998, likaonyesha kwamba urefu wa ini, bandama na figo huandama kimo cha mtoto kuliko umri wake. Mtoto aliyedumaa kwa njaa, akipimwa kwa mizani ya umri peke yake, aweza kudhaniwa ana figo ndogo ilhali figo zake zalingana sawasawa na mwili wake.

Atasema mtu: basi na tupime watoto wetu. Naam, lakini wepi? Katika wilaya ya Makueni, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa shule walioandamwa na malaria pamoja na kichocho ndio waliozidi kuvimba ini na bandama. Ukichukua wastani wa watoto wa mahali kama hapo ukauita afya, umeuhalalisha ugonjwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliliona hilo, na katika mwongozo wao wa kupima kichocho kwa ultrasaundi, uitwao wa Niamey, uliochapishwa mwaka 2000, walitegemea vipimo vya Wasenegali wa vijiji visivyo na kichocho, vikipangwa kwa kimo.

Hata jedwali likiwa la haki, halimtoshi tabibu. Mtoto mwenye selimundu, maradhi ya damu, huanza na bandama iliyovimba, kisha ikanyauka mwaka hata mwaka mpaka ikawa haionekani kabisa. Na katika safari hiyo ya kushuka hupita siku ambapo urefu wake waangukia katikati ya jedwali, palepale pa mtoto mzima. Mpimaji asiyeambiwa habari za damu ya mtoto huyo ataandika kwamba hakuna kasoro, naye atakuwa amepima sawasawa.