Dodoso letu, seva yetu: kuweka LimeSurvey na kutunza siri za wazee

Kundi letu dogo hapa Maskati lilipoamua kukusanya maneno ya jikoni ya wazee waliotoka Unguja na Pemba, tulianza kwa karatasi. Nyengine zilibaki garini, nyengine hazikusomeka, na jamaa zetu wa Uingereza hazikuwafikia kabisa. Ndipo kijana mmoja akasema: tuweke dodoso kwenye intaneti, tena kwenye seva yetu wenyewe. Makala haya yanaeleza namna tulivyofanya, pamoja na kosa moja ambalo tungependa wewe usilirudie.

Programu yenyewe

Tulichagua LimeSurvey. Ilianzishwa mwaka 2003 na Jason Cleeland wa Australia kwa jina la PHPSurveyor, na ikapewa jina la sasa mwaka 2007. Ni programu huria, huilipii ukiiweka kwenye seva yako. Dodoso moja huweza kuwa na lugha kadhaa: bibi akajibu kwa Kiswahili, mjukuu kwa Kiarabu kinachoanzia kulia, na ami aliyeko London kwa Kiingereza, na majibu yote yakaingia pahala pamoja.

Kubwa zaidi ni kwamba majibu hayakai kwa kampuni ya mbali. Yanakaa kwenu. Hiyo ni faida, na ni amana pia.

Unachohitaji

Huhitaji mashine kubwa. Seva ya kukodi ya kawaida inatosha, iwe na PHP, hifadhidata ya MySQL, MariaDB au PostgreSQL, na nafasi ya diski isiyopungua MB 250. Kwa toleo la 6, PHP iwe 7.4 au mpya zaidi. Muulize anayekukodisha kabla hujalipa.

Hatua za kuiweka

1. Tengeneza hifadhidata tupu. Ipe mtumiaji wake na neno la siri, uyaandike pahala salama.

2. Pakua faili la LimeSurvey kutoka tovuti yao, lifungue, kisha lipandishe kwenye folda ya tovuti yako.

3. Ruhusu seva kuandika ndani ya folda tatu: tmp, upload na application/config. Ukisahau hatua hii, ukurasa wa ukaguzi utakuzuia.

4. Fungua anwani ya tovuti yako kwenye brauza. Programu itakukaribisha, itakuonyesha masharti ya leseni, itakagua seva, kisha itakuuliza khabari za hifadhidata uliyotengeneza.

5. Weka jina na neno la siri la msimamizi. Programu inapendekeza jina "admin" na neno la siri "password". Usiyaache hivyo hata siku moja, kwani kila mwizi wa mtandaoni anayajua.

6. Ukimaliza, funga ruhusa ya kuandika kwenye application/config. Humo mna faili la config.php lenye neno la siri la hifadhidata.

7. Weka cheti cha usalama ili anwani ianze na https. Let's Encrypt wanatoa bure.

Kwa aliyezoea, kazi yote ni ya saa moja. Sisi ilituchukua jioni mbili.

Kosa letu

Miongoni mwa maswali yetu lilikuwamo hili: uliondoka Zanzibar mwaka gani, na kwa njia gani? Kwa familia nyingi, khasa zilizoondoka baada ya 1964, hilo si swali jepesi. Tuliwaahidi wazee kuwa hakuna atakayejua nani amejibu nini. Kila mmoja tukampelekea msimbo wake, ili ajibu mara moja tu.

Majibu yalipoanza kuingia, tukaona kila jibu limebeba msimbo wa mwenyewe, na msimbo unaelekea moja kwa moja kwenye jina lake. LimeSurvey ina mpangilio wa kuficha majina ya wanaojibu, lakini haujiwashi wenyewe. Na dodoso likishawashwa, mpangilio huo haubadiliki tena. Tulisimamisha kila kitu, tukafuta majibu, tukawapigia wazee simu mmoja mmoja kuomba radhi. Wengi walikubali kujibu upya. Mmoja alisema basi, yatosha, na hatukuweza kumlaumu.

Kwa hiyo, kabla hujawasha: washa mpangilio wa kuficha majina, acha kuhifadhi anwani za IP na saa ya kujibu, na usiulize jina ndani ya maswali yenyewe. Ujue gharama yake: mzee akishatuma hataweza kurudi kurekebisha. Mweleze mapema. Tena Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Kisultani nambari 6/2022, na msingi wake ni ridhaa ya mwenye taarifa. Andika ukurasa wa mwanzo kwa Kiswahili anachokielewa bibi.

Jambo jengine: dodoso likishawashwa huwezi kuongeza wala kuondoa swali. Lijaribu kwanza kwa watu wawili watatu. Na muda ukimalizika, lifunge kwa kuweka tarehe ya mwisho. Ukilizima, majibu yanahamishwa kwenye jedwali la kumbukumbu, na asiyejua atadhani yamepotea.

Kuwapima watoto

Programu hiyo hiyo hutoa mtihani. Unawasha sehemu ya alama, unampa kila jibu thamani yake, na mwisho mtoto anaona amepata ngapi. Tuliuliza: kifumbu ni cha nini? Upawa? Mbuzi ana kazi gani jikoni? Wengi walijibu kuwa mbuzi huliwa, wasijue kuwa ni kifaa cha kukunia nazi. Kwa skuli yenye masomo kamili, lakini, Moodle inafaa zaidi.

Mwisho, kila wiki nakili hifadhidata pamoja na folda ya upload, uweke nakala nje ya seva, na sasisha programu kila toleo jipya likitoka. Maneno ya mzee aliyefariki hayaulizwi mara ya pili.