Usinunue ufito wa kuvulia, uunde mwenyewe

Wikendi inakuja, unataka kwenda ziwani kuvua lakini mfukoni hamna kitu. Tulia. Karibu kila unachohitaji kimetupwa mtaani kwenu.

Anza na mwanzi. Tafuta uliotoka kwenye ua au kibanda kilichobomolewa, wa mita tatu hivi, mnene shinani na mwembamba nchani. Ukunje polepole, ukiona ufa, achana nao. Ukiwa mbichi, uning'inize kivulini wiki kadhaa, umefungiwa jiwe chini ili ukauke ukinyooka. Umepinda? Upitishe juu ya makaa ya jiko huku ukiuzungusha, unyooshe ungali moto, kisha uushike hivyo hivyo hadi upoe. Ukianza kuwa mweusi, ushauunguza.

Sasa pitia kwa fundi wa baiskeli. Muombe spoki mbovu na kipande cha tyubu iliyoisha. Kunja spoki kwa koleo kuzunguka msumari upate vipete vinne, uvifunge kwenye mwanzi kwa uzi imara na gundi. Kimoja kikae nchani kabisa. Tyubu ivishe shinani, mkono usiteleze.

Boya ni kipande cha ndara iliyokatika. Usicheke: mafundi wa Lamu waliunda dau zima kwa plastiki iliyotupwa, Flipflopi, wakalivisha ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Wewe unahitaji ndara moja tu. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, ni nati ndogo. Utakachonunua ni ndoana na laini ya nailoni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanafunga laini nchani tu. Samaki mzito akivuta na ncha ivunjike, anaondoka na ncha, laini, na mboga yako ya jioni. Wewe ipitishe kwenye vipete vyote, uifunge kule shinani karibu na mkono. Ncha ikivunjika, samaki bado ni wako. Inayoning'inia iwe na urefu kama wa ufito wenyewe, ili ukiuinua samaki akufikie mkononi.

Kabla ya kwenda, funga chupa ya nusu lita iliyojaa maji kwenye laini, uinue taratibu. Heri uvunjike nyumbani kuliko ziwani.

Ukiwa Kisumu, fika Dunga, lakini waulize kwanza watu wa BMU wakueleze sheria na mahali pa kusimama. Viboko hawana mzaha. Chambo? Minyoo ya shambani inatosha.

Na laini ikikatika, usiitupe majini. Haiozi upesi, na ndege akinaswa nayo miguu hana wa kumfungua. Irudishe nyumbani, kesho utafungia kipete kingine.