Kidonge Katika Pindo la Kitenge

Kila kunapopambazuka hapa Kalemie twawaona akina mama wakiteremka kuelekea ziwani, makarai kichwani, wapate kuwahi mitumbwi ya wavuvi kabla dagaa hawajachukuliwa na wengine. Mama wa namna hiyo hawezi kungoja kengele ya shule. Humwacha mtoto kwa nyanya au kwa dada mkubwa, naye ndiye amletaye kwenye shule ya watoto wadogo, ile ambayo wengi wetu twaiita maternele. Na kama mtoto alikuwa na homa usiku, basi huja pamoja na kidonge, kimefungwa katika pindo la kitenge au katika kipande cha karatasi ya daftari. “Mama Mwalimu, umpe saa nne.” Hayo tu. Jina la dawa halitajwi, wala halitajwi aliyeitoa.

Sisi tufundishao, kwa miaka mingi tulipokea. Tungekataaje? Mzazi ametuamini, na mtoto yu mgonjwa. Twakiri kwamba tuliona fahari kidogo pia, maana aliyekabidhiwa dawa huonekana mtu wa elimu.

Shule hatutaitaja, wala watu wake. Mtoto mmoja wa miaka minne, mwenye mafua, aliletwa asubuhi na chupa ya dawa ya maji. Karatasi ya chupa ilikuwa imebanduka zamani. Mama yake alikuwa amempa kijiko alfajiri kabla ya kwenda ziwani. Nyanya, asiyejua hayo, akampa kingine baada ya uji. Mwalimu, asiyejua ya mama wala ya nyanya, akampa cha tatu saa nne, kama alivyoagizwa. Ilipofika saa tano wenzake waliimba na kupiga makofi, yeye akalala kwenye mkeka. Tulifurahi kwamba amepumzika. Saa sita tukamwamsha, asiamke. Akafumbua macho nusu, akayafumba tena.

Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki. Mwuguzi aliuliza maneno matatu: Ni dawa gani? Amepewa kiasi gani? Saa ngapi? Tulisimama watu wazima watatu mbele yake, na hapakuwa na mmoja wetu aliyeweza kujibu hata moja kwa hakika. Mtoto alizinduka jioni, Mungu ashukuriwe. Lakini maswali yale matatu hayakututoka.

Ng'ambo ya ziwa letu, kule Karema, watu wangali wanamkumbuka Adrien Atiman, yule katekista aliyekuwa mganga. Alikombolewa utumwani angali mtoto, akasomeshwa uganga kisiwani Malta tangu mwaka 1881 hata 1888, ndipo akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Alisoma miaka saba kabla hajakabidhiwa wagonjwa. Nasi, kwa cheti cha ualimu, twapima dawa kwa kijiko cha sukari! Na vijiko vya nyumbani havilingani. Cha huyu ni kikubwa, cha yule ni kidogo. Kikombe kidogo chenye mistari, kile kijacho pamoja na chupa, ndicho kipimo, nacho ndicho cha kwanza kupotea nyumbani.

Watu husema, “Huyu na yule wana umri mmoja, wape sawasawa.” Sivyo. Tuitazame dawa ya malaria itolewayo sana siku hizi, ile ya artemetheri na lumefantrini. Hupimwa kwa uzito. Kwa vidonge vidogo vya watoto, mwenye kilo 5 mpaka chini ya 15 hupewa kimoja kwa kila safari, na mwenye kilo 15 mpaka chini ya 25 hupewa viwili. Basi watoto wawili wa miaka minne waketio ubao mmoja, huyu ana kilo 14, huyu 16: haki ya mmoja ni mara mbili ya haki ya mwenzake.

Tena dawa hiyo hutolewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula. Safari ya pili hufuata baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, na baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Mama aliyeanza saa kumi na mbili asubuhi atatoa ya pili saa nane mchana, mtoto akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Kwa hiyo vidonge vingi viletwavyo shuleni havikuwa na haja ya kuja. Yafaa mzazi amwulize mwuguzi, pale pale anapopewa dawa, saa zipi zitafaa ili yote itolewe nyumbani na mkono mmoja.

Shule ile sasa ina daftari. Dawa haipokelewi isipokuwa imeagizwa na mwuguzi au daktari, iko katika pakiti yake, na mzazi mwenyewe ameeleza jina la mtoto, kiasi, saa, na mara ya mwisho alipopewa. Mwalimu akiisha kumpa huandika saa na kutia sahihi, na siku ile ile mzazi huarifiwa. Jambo hili si kiburi cha shule yetu. Katika Uingereza kanuni za malezi ya watoto wadogo zataka ruhusa ya maandishi ya mzazi kwa kila dawa, na maandishi kila inapotolewa. Na dawa yenye aspirini haitolewi ila daktari ameiagiza. Ufaransa nayo, kwa amri ya mwaka 2021, imewaruhusu walezi wa watoto wachanga kutoa dawa, lakini kwa cheti cha daktari, kwa ruhusa ya wazazi iliyoandikwa, na kwa daftari.

Mwanzoni tulinung'unikiwa sana. “Mimi sikusoma, niandike nini?” alisema nyanya mmoja, na swali lake lilikuwa la haki. Kanuni inayowafungia mlango wasiojua kuandika ni kanuni mbaya. Basi mwalimu huandika mwenyewe, humsomea mzazi kwa sauti, na mzazi hutia alama ya kidole. Ikiwa mama yuko ziwani na hakuna ajuaye mtoto alipewa nini, dawa haitolewi. Hupigiwa simu kwanza.

Lakini tuseme pia upande wa pili, kwa maana tumewaona walimu waliojificha nyuma ya daftari. Malaria haingojei sahihi. Mtoto akipata homa kali darasani, haitoshi kumlaza kivulini mpaka mama arudi sokoni. Aitwe mzazi mara moja, na asipopatikana, mwalimu mmoja ampeleke kituo cha afya yeye mwenyewe. Akishikwa na degedege alazwe kwa ubavu, na asitiwe kitu chochote kinywani, si kidonge, si maji, si kijiko baina ya meno. Akimbizwe.

Kuna na siku za dawa ya minyoo na ya kichocho. Ni kazi njema, nasi twaiunga mkono, sisi watu wa ziwani tunaooga na kufua humo. Ila wazazi waelezwe mapema. Kule Morogoro, Tanzania, mwezi wa Juni 2008, watoto wa shule walipewa dawa za namna hiyo, na wazazi waliposikia kwamba watoto wanaanguka, waliyavamia mashule kwa hasira hata polisi wakaitwa kuwaokoa walimu. Dawa ya kichocho huweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, hasa kwa mtoto aliyekuja na njaa. Mzazi aliyeambiwa hayo jana yake humpa mwanawe ugali kwanza. Tena kidonge kwa wadogo kabisa kisagwe na kuchanganywa na maji, na mtoto anayelia asilazimishwe, asije akapaliwa.

Yule nyanya wa chupa ile hakuacha kumleta mjukuu wake. Mwezi uliopita alikuja na pakiti nzima, akaifungua mezani, akatuambia habari zote: kilo, kiasi, saa aliyompa. Kisha akasimama pale pale, akangoja mpaka mwalimu amemaliza kuandika, akataka asomewe tena.