Tabia ni Damu au ni Malezi?

Mara nyingi twasikia wazazi wakimnyoshea kidole mtoto na kusema: "Huyu haonyeki, mwana wa nyoka ni nyoka." Neno hili si dogo. Mtoto akilisikia kila siku hulisadiki, na mzazi aliyelisema hujiona ameondokewa na jukumu la kulea. Basi yatupasa tulipime.

Sikonge, kusini ya Tabora, imo katika nchi ya Wanyamwezi, watu waliokuwa mashuhuri kwa upagazi zama za misafara ya pwani. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kuwa mtoto wa Kinyamwezi tangu udogoni hubeba begani kijipembe cha ndovu. Naye akaona kuwa upagazi ni silika aliyozaliwa nayo. Lakini je, ni nani aliyemtwika pembe hiyo? Ni wakubwa wake. Na fahari ya kijana ilikuwa kufika pwani na kurudi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ilififia. Vitukuu wa wapagazi wale, wengi wao leo hulima tumbaku na kurina asali msituni. Damu ni ile ile. Mila ndiyo iliyobadilika.

Hatusemi kuwa damu haina kazi. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha muhtasari wa uchunguzi wa miaka 50 juu ya mapacha, jozi zaidi ya milioni 14. Wakakuta kuwa, kwa wastani, karibu nusu ya tofauti baina ya watu hutokana na urithi. Wala dini haikanushi hayo. Mtume (S.A.W.) alipomsifu Ashajj wa Abdul-Qays kwa upole na utulivu, Ashajj aliuliza kama sifa hizo amejipatia mwenyewe au ameumbwa nazo, akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyemuumba nazo. Na pamoja na hayo twafundishwa kuwa upole hupatikana kwa kujizoeza upole.

Basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja huzaliwa mkali na mwenziwe mpole. Yule mkali na apewe kazi ya kumtosha, aonywe faraghani, asifiwe kila anapojizuia. Ukali ukiongozwa huwa ushujaa. Ukiachwa huwa ugomvi.

Enyi wazazi, tusimhukumu mtoto kwa damu ambayo sisi wenyewe ndio tuliompa.