Kwanza Sikio, Kisha Ulimi

Mzazi anayeona mwanawe ametimiza miaka miwili ilhali hajatamka neno la kufahamika, aghalabu huelekeza macho yake kinywani, akamfunua midomo, akamwinua ulimi na kuutazama ule utando mwembamba ulioushika kwa chini, kisha akashauriana na wazee wa nyumba kama ulimi ukatwe au kimeo kiondolewe. Na katika mashauri hayo yote, ambayo nia yake ni njema bila shaka, ni nadra mtu kuuliza kama mtoto mwenyewe anasikia. Rai yangu, kwa jinsi nilivyowaona watoto wa namna hiyo katika chumba cha tabibu wa masikio, ni kwamba swali hilo lisiloulizwa ndilo lililostahili kutangulia.

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, nusu ya mimba ikishapita, na siku anayozaliwa huwa ameizoea sauti ya mamaye hata akaipambanua na sauti za wanawake wengine. Akifika miezi 2 hivi hutoa vile visauti laini vya kuguna. Baina ya miezi 6 na 10 hurudiarudia "bababa" na "mamama", nao wazazi hufurahi wakidhani wameitwa. Karibu na mwaka huja neno lenye maana. Na akitimiza miaka 2 huwa anaunga maneno mawili, kama "baba kuja" au "maji hapa". Hadaa moja imejificha humu: mtoto kiziwi naye huguna katika miezi ya mwanzo kama wenzake, wala hapo hajulikani, lile la kurudiarudia silabi ndilo linalomchelewea, kwa kuwa sauti anayoitoa haimrudii masikioni.

Simtaki mzazi ashughulishwe na ufasaha. Mtafiti Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba wadogo huviangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, mtoto akasema "taka maji" mahali pa "nataka maji". Na wapo wengi ambao "karanga" hubaki "kalanga" kwa miaka kadhaa. Hayo si maradhi. Linalonishughulisha ni mtoto asiyesema, au aliyekuwa akisema kisha akanyamaza.

Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo chenye hewa, na hewa hiyo huingia kwa mrija unaotoka nyuma ya pua. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu nao umeinama. Kwa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawasawa, ndiyo maana mafua ya mtoto hupanda sikioni kwa wepesi. Chumba kikijaa majimaji, kiwambo huwa kama ngoma iliyotiwa maji ndani, hupigwa isilie. Mtoto huyu si kiziwi: hushtuka mlango ukibamizwa, hugeuka adhana ikitoka mnarani, na kwa ajili hiyo nyumba nzima huapa kwamba anasikia. Lakini maneno hayasemwi kwa nguvu ya mlango. Irabu zina sauti kubwa, naye huzipata. Konsonanti dhaifu kama "s", "f" na "t" humpotea, basi "sufuria" humfikia ikiwa vipande asivyoweza kuviunga. Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe katika muda wa miezi 3. Yakikawia, au sikio likashikwa na uambukizo hata kiwambo kikatoboka na usaha ukatoka, mtoto hupitwa na msimu wake wa kujifunza maneno ilhali watu wanamsubiri.

Mama mmoja wa upande wa Pangani aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka miwili na nusu, ambaye zamani alisema "bibi" na "maji", kisha maneno yakampungua hata akawa wa kuashiria kwa kidole. Mtaani aliitwa jeuri, maana huitwa asigeuke. Bibi yake mzaa baba alikuwa ameshampelekea salamu fundi wa kukata vimeo. Nilipomwuliza mama habari za foronya ya mtoto, alinitazama kwa mshangao, kisha akanieleza kwamba kila asubuhi huwa na doa la manjano upande wa kushoto, lenye harufu, naye huifua akidhani ni udenda. Nikamwomba asimame nyuma ya mtoto, asimguse wala kivuli chake kisionekane, amwite kwa sauti ya mazungumzo. Akamwita, akamwahidi na biskuti. Mtoto akaendelea kuzungusha kifuniko cha kopo alichokuwa nacho. Mama alipozunguka akamkabili uso kwa uso na kuyarudia maneno yale yale, mtoto alinyosha mkono.

"Kumbe si kiburi, daktari?"

"Si kiburi, mama. Hakusikii."

Kimeo kile kilibaki mahali pake. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa hakizuii maneno, wala hakileti kikohozi kinachosingiziwa, bali kukikata kwa kisu kilichopita vinywa vya wengine kumewaletea watoto damu isiyokatika, pepopunda na maambukizo ya damu. Ama utando wa chini ya ulimi, uko wakati unapombana mtoto mchanga asiweze kunyonya vema, na hapo mkunga au tabibu huutazama. Ila ulimi uliofungwa haumzuii mtoto kufahamu. Mwambie mtoto, pasipo kumwonyesha kwa mkono, "Lete kiatu cha baba." Asipokielewa anachoambiwa, kosa si la ulimi.

Dawa ya sikio linalotoka usaha ni kazi ya subira. Huchukuliwa kitambaa cha pamba safi na laini, kikasokotwa kuwa utambi, kikatiwa sikioni mpaka kilowe, kikatolewa na kutiwa kingine mpaka sikio likauke, angalau mara 3 kwa siku, na baada ya kukausha hutiwa matone aliyoandika tabibu. Matone juu ya usaha hayafiki panapohusika. Mafuta ya nazi, maziwa ya mama na maji ya majani hayana kazi humo, wala mtoto asizamishwe kichwa baharini. Nyuma ya sikio pakivimba, safari ya hospitali haingoji kesho.

Wako pia watoto ambao sikio lao la ndani limeharibika, kwa rubela iliyompata mama katika mimba, kwa manjano makali ya uchanga, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, au kwa baadhi ya dawa kali kama jentamaisini. Chanjo ya surua na rubela huyakinga mawili kati ya hayo. Kwa waliokwisha kupatwa ipo mitambo ya kukuza sauti, na tangu 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili hupandikiza kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Ipo pia lugha ya alama, ambayo mtoto huimudu kwa ukamilifu akianzishwa mapema, na shule ya viziwi ya Tabora ipo tangu 1963. Na wako wenye masikio mazima wasiosema kwa sababu nyingine, usonji ukiwa mojawapo. Hao nao huanza kwa kupimwa masikio, kwani bila hilo hakuna tabibu atakayejua anatibu nini.

Kwa hiyo, mwenye mtoto wa miaka miwili asiyesema, au anayekuta doa juu ya foronya, aende zahanati na kadi ya kliniki na atamke wazi kwamba ataka masikio yapimwe, maana asipotaja atapewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani. Na zahanati ikiwa haina kipimo, aombe barua ya rufaa ya hospitali kubwa. Umri mdogo si udhuru: viko vipimo vya kusikia vinavyofanywa kwa mtoto mchanga naye amelala.